SPIKA IKIANZA KUMEZA HERUFI: KAPASITA IPI INUNULIWE?



Leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Nataka tuongee kuhusu kitu kisichozidi kidole gumba, kinachokaa gizani ndani ya boksi la spika, ambacho kikichoka kinaweza kufanya mkutano mzima wa kijiji usielewane. Kinaitwa kapasita. Majirani zetu wa Chamwino wana Ikulu mpya iliyozinduliwa tarehe 20 Mei 2023, na spika za huko sina habari nazo. Za kwetu huku Buigiri, kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, hizo nazijua vizuri maana nyingi zimepita mezani kwangu. Nafanya ufundi jioni nikishatoka shamba, na kwa miaka mingi kazi kubwa inayoniletea watu ni moja: "Fundi, spika inatoa sauti lakini maneno hayasikiki."

Neno linalofuata hapo huwa ni "imekufa, tununue nyingine". Kikao kinaitwa, michango inapitishwa, wanaohangaika na mahindi na uwele wanatoa walichonacho, kisha linanunuliwa boksi jipya linalong'aa ambalo baada ya miaka michache linaimba wimbo uleule. Ndiyo maana naandika. Spika nyingi za namna hiyo hazijafa. Zimechoka sehemu moja, na sehemu hiyo inabadilishwa kwa shilingi elfu chache, ilimradi ujue ipi ya kununua. Na kuchagua ndo penye kazi.

Sita au tisa?

Kwanza tuelewane hasara yenyewe ni nini. Sauti ya binadamu ina tabaka mbili. Irabu, yaani a, e, i, o, u, zina nguvu nyingi na zinakaa chini, kwenye mawimbi ya mamia ya hezi mpaka elfu mbili tatu hivi. Konsonanti kali kama s, sh, f na t ni dhaifu na zinakaa juu. Mvumo wa s kwa sehemu kubwa uko juu ya hezi 4,000. Sasa spika ikipoteza tabaka la juu, irabu zinabaki na nguvu zake. Mtu wa nyuma atakwambia "sauti ipo, tena kubwa". Kweli ipo. Herufi ndo hazipo.

Angalia Kiswahili chetu kilivyo. Sita na tisa zina irabu zilezile kwa mpangilio uleule: i, kisha a. Ondoa konsonanti, sita na tisa ni neno moja. Saba na shaba hivyo hivyo. Soka na shoka. Sisi na fisi! Mwenyekiti akisema "sisi wa kitongoji hiki", wa nyuma wanasikia nini? Tunacheka, lakini siku inaposomwa orodha ya michango, au hatua za mpaka wa shamba, au tarehe ya kugawa mbegu, tofauti ya sita na tisa siyo kichekesho. Watu wamegombana kwa jambo dogo kuliko hilo.

Ushahidi mwingine mnao mfukoni. Simu za kawaida kwa miaka mingi zilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Ndiyo maana ukitaja jina kwenye simu unajikuta unasema "S ya Saidi, siyo F ya Fatuma". Spika yenye kapasita iliyochoka inaugeuza uwanja mzima kuwa simu mbovu, ila hapa msikilizaji hawezi kusema "rudia tafadhali".

Buigiri tuna sababu ya ziada ya kulijali hili. Hapa ndipo Kanisa la Anglikana lilipofungua shule ya kwanza ya wasioona nchini, mwaka 1950, wakati huo ikiitwa Wilson Carlile. Kwa hiyo kwenye mikusanyiko ya kwetu si jambo la ajabu kuwa na mtu asiyeona kati ya wasikilizaji. Mimi na wewe herufi ikipotea tunasaidiwa na mdomo wa msemaji, mikono yake, hata karatasi aliyoshika. Asiyeona anategemea kile tu kinachotoka kwenye boksi. Ukimpa sauti isiyo na herufi umemtoa nje ya mkutano ilhali amekaa mstari wa mbele.

Ndani ya boksi kuna nini

Spika ya kawaida ina wufa, ile kubwa ya chini, na twita, ile ndogo ya juu. Kati ya waya unaotoka kwenye amplifaya na hizo mbili kuna kibao kidogo kinaitwa krosova. Kazi yake ni kama ya karani wa mizigo: besi ipelekwe kwa wufa, sauti kali zipelekwe kwa twita. Koili inazuia sauti za juu zisiende kwa wufa. Kapasita inazuia besi isiende kwa twita. Kwenye maboksi ya bei nafuu krosova yote ni kapasita moja tu iliyochomewa kwenye mguu wa twita.

Kapasita inazuia kiasi gani? Inategemea uwezo wake, unaopimwa kwa mikrofaradi, alama yake µF. Kwa krosova rahisi ya kapasita moja kuna hesabu fupi: chukua 159,000, gawa kwa omu za twita ukizizidisha na mikrofaradi. Twita ya omu 8 na kapasita ya 4.7: 8 mara 4.7 ni 37.6, na 159,000 gawa kwa 37.6 ni kama hezi 4,200. Juu ya hapo twita inapewa sauti kamili, chini ya hapo inapunguziwa kidogo kidogo. Haikati kama panga, inateremka kama kilima.

Tazama basi namba zinavyocheza kwa twita hiyohiyo ya omu 8:

- mikrofaradi 10: kama hezi 2,000
- mikrofaradi 4.7: kama hezi 4,200
- mikrofaradi 2.2: kama hezi 9,000

Kapasita ikipungua uwezo, mpaka unapanda juu. Kapasita kubwa kuliko inayotakiwa inaushusha mpaka chini. Shikeni hilo, tutarudi kwake.

Kwa nini inazeeka, na kwa nini huku inawahi

Kapasita za krosova ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza nitaiita ya kopo: ni mviringo, ndani ina karatasi mbili nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi ya kawaida iliyolowa kimiminika. Wenye viwanda wanaipenda kwa sababu ni ndogo na rahisi. Ya pili nitaiita ya plastiki: ndani ni filamu ya plastiki yenye utando wa chuma, haina kimiminika chochote.

Kimiminika cha kopo hukauka. Mpira wa chini unaoziba hauzuii asilimia mia, mvuke unatoka polepole mwaka hadi mwaka. Kikipungua, mambo mawili hutokea: uwezo unashuka, na ukinzani wa ndani unapanda, yaani kapasita inakuwa kama imeunganishwa na resista ambayo hukuiweka. Yote mawili yanainyima twita chakula.

Wahandisi wana kanuni ya makadirio: kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, maisha ya kapasita ya kopo yanapungua kwa nusu, zikipungua, yanaongezeka mara mbili. Chukua kapasita iliyoandikwa nyuzi 85, saa 2,000. Ikikaa kwenye nyuzi 25 hesabu inatoa saa 128,000, karibu miaka 14 na nusu. Ikikaa kwenye nyuzi 35 inakuwa saa 64,000, miaka saba na kidogo. Haina maana kwamba siku hiyo inakufa, ila toka hapo inaishi kwa hisani. Sasa fikiria boksi linaloshinda chini ya bati mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaja. Tena liwe limenunuliwa mtumba, lilitengenezwa Ulaya au Japani miaka ya 1980, likatumika huko, likakaa kwenye kontena, likaja kwetu. Hiyo kapasita ina umri wa kuwa na wajukuu.

Kapasita ya plastiki haina cha kukauka. Ikitengenezwa vizuri na isizidishiwe volti, inaweza kuishi kuliko boksi lenyewe.

Kabla hujanunua, hakikisha mgonjwa ni yeye

Msikimbilie dukani. Fuateni mpangilio huu:

1. Badilishaneni spika. Ya kulia iende kushoto na ya kushoto iende kulia. Ubaya ukihama na boksi, tatizo ni boksi. Ukibaki upande uleule, tatizo ni amplifaya au waya, na kapasita haina kosa.

2. Zima amplifaya, chomoa nyaya, fungua boksi, pima twita kwa mita kwenye alama ya omu, mguu wake mmoja ukiwa umetolewa. Twita ya omu 8 kwa kawaida inasoma kati ya 5 na 7. Isiposoma kabisa imekatika ndani, hapo hata uweke kapasita ya dhahabu haitaimba.

3. Angalia kama ni twita ya koili au ya piezo. Piezo ni nyepesi, haina sumaku kubwa nyuma, na mita ya omu haisomi kitu juu yake hata ikiwa nzima. Piezo kwa umbile lake yenyewe ni kama kapasita, kwa hiyo mara nyingi haiwekewi nyingine. Usitafute kisichokuwepo.

4. Angalia kama kwenye krosova kuna kitaa kidogo, kama cha gari. Spika nyingi za jukwaani huwa nacho kuilinda twita. Kikiungua, sauti za juu hupotea, na watu wanailaumu kapasita bure.

5. Fungua mguu mmoja wa kapasita kwa lehemu, kisha pima. Mita nyingi za siku hizi zina sehemu ya kupima mikrofaradi, na kuna vifaa vidogo vya kupimia vinavyoonyesha pia ukinzani wa ndani. Usipime ikiwa bado imeungwa miguu yote, utapata namba za uongo.

Namba ikishuka zaidi ya moja ya tano chini ya iliyoandikwa, badilisha. Kuna mtego mmoja: kapasita mzee wakati mwingine inasoma namba kubwa kuliko iliyoandikwa. Usishangilie kwamba imenenepa. Mara nyingi inavuja umeme na mita imedanganyika. Nayo itoke.

Mfano halisi. Kuna kikundi kimoja hapa, sitakitaja, kililetewa wazo la kununua maboksi mapya mawili. Niliyafungua ya zamani, kapasita zote mbili zimeandikwa 4.7. Moja ilisoma 1.9, nyingine 2.6. Piga hesabu ile: kwa 1.9 mpaka umepanda toka hezi 4,200 mpaka zaidi ya 10,000. Yaani s nzima ilikuwa inabaki nje ya mlango. Wufa nzima, twita nzima, boksi zima. Kilichokuwa kimekufa ni vitu viwili vya kujaa kiganjani.

Mambo matatu ya kuangalia dukani

*La kwanza, uwezo.* Nunua namba ileile iliyoandikwa kwenye kapasita ya zamani. Iliyoandikwa, siyo inayosomeka kwenye mita. Na siyo "kubwa zaidi ili itoe zaidi". Rudi kwenye hesabu: ukitoa 2.2 ukaweka 10, mpaka unashuka toka hezi 9,000 mpaka 2,000. Siku ya kwanza utafurahi, twita inapiga kelele. Siku ya harusi, mziki ukipandishwa, twita inapewa nguvu ambayo haikuumbwa kuibeba na koili yake inaungua. Twita nyingi zinazoitwa "feki" ziliuawa kwa njia hii.

Kwenye zile za plastiki namba mara nyingi inaandikwa kwa tarakimu tatu. 225 ni mikrofaradi 2.2. 335 ni 3.3. 475 ni 4.7. 106 ni 10. Herufi inayofuata inaeleza usahihi: J ni asilimia 5 juu au chini, K ni 10, M ni 20. Chukua J ukiipata, K inafaa, M iwe ya mwisho.

Usipopata namba kamili, unganisha mbili sambamba, yaani mguu kwa mguu. Zikiwa sambamba uwezo unajumlishwa: 2.5 na 2.2 zinakupa 4.7. Tofauti ya asilimia 5 sikio la kawaida haliisikii, kwa hiyo 4.5 badala ya 4.7 usiiogope. Cha muhimu zaidi ni maboksi mawili yalingane. Ukibadilisha moja, badilisha na pacha wake hata kama bado anajikongoja.

*La pili, volti.* Zidisha wati za amplifaya kwa omu za spika, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.4 kupata kilele. Wati 100 kwa omu 8: 800, kipeuo chake kama 28, kilele 40. Hapo volti 50 ni mwisho kabisa, volti 100 unalala usingizi. Kwa wati 400 kilele kinafika 80, kwa hiyo weka 100 au zaidi, na 250 ndo vizuri. Volti kubwa kuliko inayohitajika haina madhara kwa sauti, inaongeza tu ukubwa wa umbo. Volti ndogo ndiyo inayoua.

*La tatu, aina.* Umeme wa spika unabadilika pande mara maelfu kwa sekunde, hauna chanya na hasi ya kudumu. Kapasita za kopo zilizojaa madukani, zile zenye mstari wa alama ya kutoa ubavuni, ni za redioni na kwenye vifaa vya umeme wa upande mmoja. Hazifai hapa. Ya kopo inayofaa imeandikwa NP au BP na haina mstari huo. Vile vidonge vidogo vya kauri navyo viacheni. Nyingi za aina hiyo uwezo wake unabadilika kadiri volti inavyobadilika, na hilo linaharibu sauti.

Ushauri wangu ni huu. Kapasita inayoelekea kwa twita, weka ya plastiki, hasa ya polipropilini. Zile kubwa zinazokaa upande wa wufa, labda mikrofaradi 22 au 47, plastiki yake inakuwa kubwa kama kopo la maziwa na bei inapanda. Hapo kopo jipya la NP linatosha kabisa.

Na majina? Kuna watengenezaji wenye sifa duniani, kama Mundorf wa Ujerumani na Jantzen wa Denmark, na wapenzi wa mziki Ulaya wanabishana usiku kucha ipi ni tamu zaidi. Waacheni wabishane. Kwa sita na tisa kusikika, polipropilini isiyo na jina yenye namba sahihi inashinda kopo lililokauka la jina lolote.

Dawa iko kwenye duka la feni

Sasa habari njema kwa sisi tulio mbali na maduka makubwa. Ile kapasita ya feni ya dari, kile kiboksi cheusi chenye nyaya mbili, nyingi zake ndani ni filamu ya polipropilini. Haina upande wa chanya na hasi, imetengenezwa kwa volti 400 au 450 za umeme wa nyumbani, na usahihi wake mara nyingi ni asilimia 5. Yaani kile ambacho wengine wanaagiza toka nje kimening'inia kwenye duka la vifaa vya umeme Dodoma mjini na hata kwenye vituo vidogo.

Kwa kawaida zinapatikana za 1.5, 2, 2.5, 3, 4 na 5. Ukihitaji 4.7, unganisha sambamba 2.5 na 2, unapata 4.5. Ukihitaji 6.8, 4 na 2.5 zinakupa 6.5. Ukihitaji 10, 5 mbili. Tahadhari ziko tatu. Moja, pima kabla hujalipa, maana zipo zilizochakachuliwa, zimeandikwa 4 ndani kuna 2. Mbili, usitoe iliyokuwa inatumika kwenye feni ukaishika miguu, inaweza kuwa na chaji. Igusishe miguu kwanza kupitia resista. Tatu, usichanganye na ile ya kuwashia pampu au mashine ya kusaga, ya mviringo yenye mikrofaradi makumi au mamia. Hiyo ni kopo la kazi ya sekunde chache, siyo ya kuimba.

Njia za mkato tuziache

Kuna fundi anayeunganisha kapasita mbili za chanya na hasi, hasi kwa hasi, apate isiyo na upande. Kinadharia inakubali, na uwezo unakuwa nusu: 10 mbili zinatoa 5. Kwa dharura ya msiba leo jioni simlaumu. Lakini wengi wanasahau hiyo nusu, wanaunganisha 4.7 mbili wakidhani wamepata 4.7, kumbe wamepata 2.35. Na bado ni makopo, yatakauka tena.

Kuna mwingine anaitoa kapasita na kuunga waya mtupu. "Sasa twita inapumua!" Inapumua pumzi za mwisho.

Na kuna wa kuongeza sauti za juu kwenye mikisa mpaka mwisho ili kufidia. Hiyo inaongeza mkwaruzo na miluzi ya maikrofoni, wakati herufi zinabaki zilipo.

Ukishabadilisha, mpe mtu aongee

Kapasita ya plastiki ina ukinzani mdogo kuliko hata kopo jipya. Kwa hiyo baadhi ya spika zitasikika kali kidogo kuliko zilivyokuwa kiwandani, kwa sababu aliyezibuni alishahesabu ukinzani wa kopo. Ikikera, weka resista ya nusu omu mpaka omu moja, ya wati 5 au 10, kwenye njia ya twita. Inatulia.

Kujaribu, msikimbilie Bongo Fleva. Mziki unaficha mengi, besi ikigonga kila mtu anatikisa kichwa. BBC, miaka ya 1970, walipotengeneza spika yao ndogo ya LS3/5A kwa ajili ya magari ya matangazo, sauti ya mtu anayeongea ilikuwa sehemu ya vipimo vyao. Sababu ni nyepesi: sauti ya mtu kila mmoja wetu anaijua toka tumboni mwa mama. Basi mpe mtu maikrofoni asome: sita, tisa, saba, shaba, soka, shoka, sisi, fisi. Asome bila mpangilio, na msikilizaji awe mwisho wa uwanja, ageuze mgongo, aandike anachosikia.

Kama kuna mwenzetu asiyeona aliye tayari, mwombeni awe mmoja wa waamuzi. Si kwamba ana masikio ya miujiza, hayo ni maneno ya mitaani. Ni kwamba yeye hatajaza kwa macho kile ambacho spika imekosa, na hukumu yake inahusu sauti tupu. Hapo mziki wetu wa Kigogo nao utafaidika. Mlio ule wa kutetema wa ilimba, ambao marehemu Hukwe Zawose aliupeleka duniani kabla hajafariki mwaka 2003, nusu ya utamu wake uko huko juu inakoishi twita.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla hamjaandika "ununuzi wa spika" kwenye ajenda ya kikao, andikeni kwanza "kupima kapasita". Namba ileile, volti ya kutosha, aina isiyo na upande, zote mbili kwa pamoja. Zikishindwa hizo, hapo kweli nunueni. Mwenye swali aulize hapo chini, ataje omu za twita na namba iliyoandikwa kwenye kapasita yake, maana "fundi, spika yangu ni kubwa nyeusi" hainisaidii kitu.

Nawasilisha.